Mashine haisumbui: uiguse au uiache?

KAMPALA – Katika ofisi nyingi za mawakala wa forodha jijini Kampala, kuanzia Nakawa hadi vichochoro vya Kikuubo, kuna mashine moja ambayo hakuna anayeikumbuka. Imewekwa chini ya meza au ndani ya kabati, taa zake ndogo za kijani zikiwaka na kuzima mchana na usiku. Ndani yake mna ankara za bidhaa, hati za shehena, vyeti vya uasili, risiti za kodi na orodha ya wadaiwa wa Juba, Goma na Kigali. Ni ghala la kumbukumbu za biashara nzima, na limefanya kazi kwa miaka bila kulalamika.

Kisha asubuhi moja ujumbe unatokea kwenye kompyuta: toleo jipya la programu ya mashine hiyo limefika. Fundi anamgeukia bosi na kuuliza, “Nisasishe, au niache?”

Bosi wengi hujibu bila kufikiri: “Si inafanya kazi? Iache.” Jibu hilo lina busara yake. Lakini pia limewahi kuwagharimu watu kila kitu walichokuwa nacho.

Si jambo la mafundi peke yao

Mfanyabiashara anayevuka mpaka anaweza kudhani kwamba mambo hayo hayamhusu. Yanamhusu sana. Tangu Himaya Moja ya Forodha ilipoanza kutumika mwaka 2014, mzigo wa Uganda unaopitia Mombasa hutolewa tamko na kulipiwa kodi upande wa Uganda wakati bado uko bandarini. Wakala aliyeketi Kampala ndiye anayeufungulia njia. Siku wakala huyo asipoweza kufungua faili zake, lori husimama, gharama za kuhifadhi kontena huanza kuhesabiwa, na mteja aliye Arua au Bunia husubiri bidhaa ambazo hazijaondoka.

Programu inayozungumzwa hapa huitwa programu dhibiti. Si ile ya kuandikia barua wala ya kupigia hesabu. Ni programu iliyopachikwa ndani ya kifaa chenyewe, inayoiambia diski namna ya kuandika, kusoma na kuhesabu saa zake za kazi. Kila diski ina yake, na kisanduku kinachoziunganisha diski kina yake pia.

Programu ya kawaida ikiharibika, fundi huiondoa na kuiweka upya. Programu dhibiti ikikatika katikati ya kusasishwa, kifaa kinaweza kisiamke tena. Ndiyo maana mafundi wa siku nyingi huogopa kuigusa, hasa katika jiji ambalo umeme unaweza kukatika, au yuniti za Yaka kuisha, kazi ikiwa nusu.

Kuiacha nako ni kuamua

Novemba 2019, kampuni ya Hewlett Packard Enterprise ya Marekani iliwapa wateja wake taarifa ya kutisha. Baadhi ya diski zake za SSD, yaani zile zisizo na sahani inayozunguka, zilikuwa na kasoro katika programu dhibiti. Diski ikitimiza saa 32,768 za kuwashwa, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8, ingekufa. Wala data iliyomo isingeweza kurudishwa.

Machi 2020 kampuni hiyo ilitoa onyo la pili kuhusu diski nyingine. Hizo zingekufa zikifikisha saa 40,000, ambazo ni miaka 4, siku 206 na saa 16.

Kinga ya kawaida isingesaidia. Mashine za kuhifadhi data hutumia diski kadhaa zinazobebana: moja ikifa, nyingine hushika kazi yake mpaka ibadilishwe. Lakini diski zilizowashwa siku moja hufikisha saa hizo pamoja, na hivyo zingeweza kufa karibu wakati mmoja. Mpaka dakika ya mwisho, taa zote zingekuwa za kijani. Dawa pekee ilikuwa kusasisha programu dhibiti kabla ya saa kutimia.

Hapo mfanyabiashara wa Afrika Mashariki ana hesabu yake ya kupiga. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inampa ofisa wa forodha nafasi ya kudai nyaraka za mzigo ndani ya miaka 5. Sheria za kodi za Uganda nazo zinataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka 5. Diski inayokufa baada ya miaka 4 na nusu inamwacha mwenye biashara mikono mitupu mbele ya mkaguzi.

Anayenunua seva iliyokwishatumika anahitaji tahadhari zaidi. Hesabu ya saa haianzi upya mashine inapobadilisha mwenyewe. Diski huja na umri wake, na huenda ikaja na programu yake ya zamani.

Kuna na wezi pia. Januari 2022, wahalifu wanaojulikana kwa jina la DeadBolt walishambulia visanduku vya kuhifadhi data vya QNAP, aina inayopendwa na ofisi ndogo duniani kote. Walifunga faili za watu na kudai bitcoin 0.03 kwa kila kisanduku. Kampuni ilikuwa imekwishatoa toleo lenye kinga mwezi uliotangulia. Walioathirika ni wale ambao visanduku vyao vilifikika moja kwa moja kutoka intaneti na havikuwa vimesasishwa.

Kukimbilia nako kuna machozi

Hata hivyo, wanaosema “iache” hawasemi ovyo. Desemba 2021, Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani kilipoteza terabaiti 77 za data za utafiti, faili zipatazo milioni 34, katika kompyuta yake kubwa. Chanzo hakikuwa wezi wala diski kufa. Kampuni iliyotunza mfumo huo ilikuwa imeboresha programu ndogo ya kutengeneza nakala za akiba, kisha ikaliweka toleo jipya wakati la zamani bado linaendelea na kazi. Amri iliyokusudiwa kufuta kumbukumbu chakavu ikageuka na kufuta faili za watafiti. Vikundi 14 viliathirika, na vinne kati yavyo havikuweza kurudishiwa data zao.

Haikuwa programu dhibiti, lakini somo ni lile lile: mtu alibadilisha kitu kilichokuwa kikifanya kazi, akakibadilisha kikiwa mbioni.

Julai 19, 2024, dunia iliona jambo la namna hiyo kwa ukubwa zaidi. Sasisho moja lenye kasoro la kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike lilizima kompyuta zipatazo milioni 8.5 na kusimamisha safari za ndege na huduma za benki katika nchi nyingi.

Kwa hiyo methali mbili zinagombana mezani. Moja inasema haraka haraka haina baraka. Nyingine inasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Zote ni za kweli, na kazi ya bosi ni kujua leo ni siku ya ipi.

Maswali ya kujiuliza

Swali la kwanza ni: toleo jipya linatibu nini? Kila toleo huja na maelezo ya mtengenezaji. Kama yanataja kupotea kwa data, diski kufa au mlango wa wezi, na mashine iliyopo ofisini ni ya aina iliyotajwa, kungoja ni hatari. Kama yanataja mapambo, au uwezo mpya ambao hakuna anayeuhitaji, mashine tulivu inaweza kuachwa. Anayesema “iache” awe ameyasoma maelezo hayo.

Swali la pili: nakala ya akiba iko wapi, na imewahi kufunguliwa? Nakala iliyo ndani ya kisanduku kile kile si nakala. Ile isiyowahi kujaribiwa ni matumaini tu. Kabla ya kugusa chochote, fundi achukue faili chache za mwaka jana kutoka kwenye nakala, azifungue na azisome.

Swali la tatu: ni siku gani? Ritani za kodi ya VAT nchini Uganda hutakiwa kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo tarehe 14 si siku ya majaribio. Jumamosi jioni, umeme wa akiba ukiwa umejaa na wafanyakazi wamefunga faili zao, ni bora zaidi. Kabla ya hapo, asubiri wiki moja au mbili aone kama waliotangulia wamelalamika, isipokuwa toleo linaziba hatari iliyo mlangoni.

Swali la nne: zikiwa mashine mbili au zaidi, kwa nini zote kwa pamoja? Ianze ile isiyobeba mzigo mkubwa. Ikikaa salama siku kadhaa, nyingine zifuate.

Kisha kilichoamuliwa kiandikwe kwenye daftari: tarehe, toleo lililopo, toleo lililotolewa, sababu ya kukubali au kukataa. Fundi akihama kazi, mrithi wake ajue kama mashine iliachwa kwa makusudi au ilisahauliwa.

Mteja naye ana haki ya kuuliza

Mwenye mzigo hahitaji kujua diski inavyofanya kazi. Inatosha amuulize wakala wake mambo mawili: “Mashine yako ikifa leo usiku, kesho nyaraka zangu utazitoa wapi? Na mara ya mwisho ulijaribu lini?”

Wakala aliyejiandaa hujibu kwa tarehe. Asiyejiandaa hujibu kwamba mashine haijawahi kusumbua. Mteja akisikia jibu hilo la pili, aombe nakala za nyaraka zake siku hiyo hiyo na azitunze mwenyewe, mahali pengine.