Ciudad Juárez: Mji Ulio Ng'ambo ya Daraja

Wasafiri wengi huupita mji wa mpakani mbio mbio, kana kwamba ni mlango tu wa kuendea mahali pengine. Anayetoka El Paso, Texas, kwenda Meksiko kwa barabara huambiwa mara nyingi: "Usisimame Juárez. Pitiliza!" Wanaosema hivyo wana sababu zao. Hata hivyo, anayepitiliza hawaoni watu wa mji huo, hasa akina mama, ambao habari zao zinastahili kujulikana.

MTO MMOJA, MIJI MIWILI

Zamani ng'ambo zote mbili za mto zilikuwa nchi moja. Mkataba wa mwaka 1848, uliomaliza vita kati ya Marekani na Meksiko, uliufanya mto huo kuwa mpaka. Wamarekani huuita Rio Grande, na Wameksiko huuita Río Bravo. Usitazamie kuona mto mkubwa, maana hapo mjini hupita katika mfereji wa saruji, na mara nyingi maji yake ni haba.

Mji wa upande wa kusini ulikuwa ukiitwa Paso del Norte. Mwaka 1888 ulipewa jina la Rais Benito Juárez, ambaye aliwahi kuhamishia serikali yake hapo alipokuwa akipigana na majeshi ya Ufaransa. Sensa ya 2020 ilihesabu wakazi zaidi ya 1,500,000.

KABLA YA KUVUKA

Dada kutoka Kenya au Tanzania aliye Marekani kwa viza halali haombi viza nyingine ya Meksiko kwa matembezi. Lakini hakikisha kwamba viza yako inakuruhusu kurudi! Kwenda ni rahisi. Wakati wa kurudi ndipo utakapopanga foleni na kuulizwa maswali. Usibebe matunda wala nyama mbichi.

Ukiwa na gari, kumbuka kwamba bima ya Marekani haitambuliwi Meksiko, hivyo kata bima ya huko. Ukitaka kuendelea hadi mji wa Chihuahua, utahitaji pia kibali cha muda cha gari. Kwa matembezi ya siku moja, afadhali uache gari El Paso na kuvuka daraja kwa miguu. Utalipa ushuru mdogo tu wa daraja.

Tembea mchana, na ikiwezekana pamoja na mwenyeji. Miaka ya 2008 hadi 2011 vita vya magenge ya dawa za kulevya viliua maelfu ya watu mjini humo. Mauaji yalipungua baadaye, lakini hatari haijakwisha. Namba ya dharura ni 911.

KANISA NA CHAKULA

Ukivuka daraja la Paso del Norte utafuata barabara ya Juárez hadi katikati ya mji. Hapo, ubavuni mwa kanisa kuu, lipo kanisa dogo la misheni ya Guadalupe. Misheni hiyo ilianzishwa mwaka 1659 na padre Mfransisko, García de San Francisco. Kuta zake ni za matofali ya udongo, na boriti za dari zimechongwa kwa nakshi. Ingia upumzike.

Ukisikia njaa, agiza burito. Hii ni chapati nyembamba ya ngano iliyoviringishiwa nyama au maharage, na watu wa Juárez wanajivunia kuipika. Kunywa maji ya chupa.

AKINA MAMA WA JUÁREZ

Alfajiri mabasi hujaa wafanyakazi waendao viwandani. Mpango wa serikali ulioanza mwaka 1965 uliruhusu viwanda kuleta vipuri bila ushuru, kuviunganisha, kisha kuvirudisha Marekani vikiwa bidhaa kamili. Wasichana wengi waliacha vijiji vyao wakaja kuunganisha televisheni na nyaya za magari. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini ulilisha wazazi na wadogo zao.

Kuanzia mwaka 1993 wanawake na wasichana walianza kuokotwa wakiwa wameuawa. Baadhi walipotea wakienda kazini au wakirudi. Mama akienda kutoa taarifa aliambiwa binti yake huenda ametoroka na mwanamume. Novemba 2001 maiti za wanawake wanane zilikutwa katika shamba la pamba ndani ya mji. Akina mama hawakunyamaza. Walipeleka shauri mbele, na mwaka 2009 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika iliamua kwamba serikali ya Meksiko ilishindwa kuwalinda watatu kati yao na kuchunguza vifo vyao ipasavyo. Mwaka 2011 mahali hapo palifunguliwa bustani ya kumbukumbu.

Kwenye nguzo za barabarani wamechora misalaba myeusi juu ya rangi ya waridi. Mwaka 2002 waliweka msalaba mkubwa penye daraja, wenye maneno "Ni una más", yaani, "Asiongezeke hata mmoja."

Ukiuona msalaba kama huo, dada, usipite tu. Simama kidogo. Kila mmoja ni wa binti wa mtu, na mama yake huenda bado anaishi mtaa wa pili kutoka hapo, akingoja haki.