Tovuti yetu tuipe jina gani?

Jumamosi tulikaa chini ya mwembe sisi walimu wa kujitolea na vijana, tukitafuta jina la tovuti ya shule. Tulibishana mpaka jua likazama.

Wengine walitaka jina la kambi. Je, siku tukirudi nyumbani? Wengine wakasema liishie na .cd, ya Kongo yetu. Lakini ndugu zetu Warundi wana .bi yao, na watoto wanakaa dawati moja. Tena herufi hizo nazo hufa: Zaire ilipogeuka Kongo mwaka 1997 ikaja .cd, na .zr ikafutwa 2001. Tukakubaliana .org, haina nchi.

Jina lenyewe bado. Liwe fupi, bila nafasi katikati, bibi alisikie kwa simu aliandike bila kukosea.

Halafu jina hulipiwa kama kodi ya nyumba; usipolipa, mwingine anahamia. Na aliyeliandikisha ndiye mwenye nalo. Tulishapoteza moja hivyo: kijana wetu alipata safari ya Marekani, akaondoka na nywila. Safari hii barua pepe ni ya shule, na nywila wanaijua watu watatu.

Watoto walete majina darasani kabla mwezi haujaisha.