Je, Wajua? Kiangazi cha Bwawa la Uani

Kule Ulaya, mwenye bwawa la samaki nyuma ya nyumba hujiandaa kwa barafu. Bujumbura, mita zipatazo 775 juu ya usawa wa bahari, barafu haifiki. Mtihani wa bwawa la huku ni kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba. Je, wajua kwamba…

Samaki huishi chini ya barafu? Maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4 za Selsiasi. Hayo huzama, barafu ikaelea. Samaki hutulia chini, karibu bila kula. Hatari ni bwawa kufunikwa lote, gesi ya majani yanayooza ikakosa pa kutokea. Ndiyo maana wafugaji huacha tundu wazi.

Maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo? Lita moja ya maji ya nyuzi 4 huweza kuwa na miligramu 13. Ya nyuzi 28 haifikishi 8. Usiku mwani nao hutumia oksijeni hiyo hiyo. Ukiona tilapia alfajiri wamejaa juu, midomo ikifunguka na kufumba usoni pa maji, usidhani wana njaa: wanatafuta pumzi. Ukiwamwagia pumba saa hiyo, itaoza na kumaliza oksijeni iliyobaki.

Samaki wa Ziwa Tanganyika hawaijui baridi kali? Ziwa lina kina cha mita 1,470, na hata huko chini joto ni kama nyuzi 23. Mbelgiji Pierre Brichard alisafirisha samaki wa mapambo kutoka Bujumbura tangu miaka ya 1970. Mmoja, *Neolamprologus brichardi*, amepewa jina lake. Ulaya hufugwa ndani ya nyumba, kwenye matangi ya kioo yenye vipasha joto.

Kamongo hupumua kwa mapafu? Maji yakikauka, huweza kujichimbia topeni, akajifunika ute unaokauka, akangoja mvua.

Mei ndiyo mwezi wa kazi? Tilapia hana mapafu, basi msaidie mapema. Zoa tope na majani yaliyooza ili bwawa lirudishe kina chake. Tengeneza kivuli cha matete upande wa jua la alasiri. Maji yakipungua, ongeza kidogo kidogo. Ya bomba yenye klorini yaache kwanza siku nzima kwenye pipa lililo wazi. Kisha punguza samaki: wachache wenye nafasi hufika Oktoba salama kuliko wengi waliobanana.