Safari ya Lulu na hesabu ya miti michanga ya Nyololo

MSAFIRI anayetoka Mafinga kwenda Makambako kwa barabara kuu ya Tanzania na Zambia hupita Nyololo, njia panda ya kwenda Igowole, Kibao na kiwanda cha karatasi cha Mgololo. Kando ya barabara kuna mbao zilizopangwa, magunia ya viazi na malori yanayosubiri mzigo. Nyuma ya nyumba, karibu kila upande, kuna misindano, au paina kama wengi wanavyoiita.

Mkulima wa huku anaijua vizuri hesabu ya mti. Ili utoe mbao nzuri, msindano unapaswa kuachwa miaka 18 hadi 25. Lakini ada ya shule haisubiri miaka 18, na mgonjwa nyumbani hasubiri hata wiki moja. Mnunuzi akija na fedha taslimu mkononi, shamba la miaka minane linauzwa likiwa limesimama. Aliyelipanda na kulipalilia anapata fedha kidogo mara moja, na anayejua soko ndiye anayepanga bei ya kinachofuata.

Hesabu hiyo inafaa pia kutumika katika biashara ambayo wengi hawaihusishi na shamba, nayo ni ya mtoto anayeigiza. Wazazi wenye watoto waliochangamka katika maigizo ya shule ni wengi, na mfano wanaoutaja mara nyingi ni mmoja, Elizabeth Michael, anayejulikana zaidi kwa jina la Lulu.

Lulu alizaliwa Aprili 1995. Alianza kuonekana katika michezo ya kundi la Kaole, iliyorushwa na ITV, akiwa bado na umri wa mtoto wa kuanza shule. Kaole lilikuwa kitalu hasa. Humo ndimo walimopita Steven Kanumba, Vincent Kigosi ‘Ray’ na Blandina Chagula ‘Johari’, ambao baadaye walibeba soko la filamu za Kitanzania. Mahsein Awadh, maarufu Dk. Cheni, ni miongoni mwa wakubwa waliomshika mkono binti huyo. Watazamaji walimwona akikua mbele ya macho yao, kutoka nafasi za mtoto mtundu hadi za msichana.

Hapo ndipo biashara inapokuwa ngumu. Mtoto anapendwa kwa utoto wake, nao hauchukui muda kwisha. Mtayarishaji akiona amerefuka anamtafuta mwingine, au anampa nafasi za watu wazima kabla ya wakati wake, kwa kuwa jina lake linauza.

Soko lenyewe lilikuwa la kuuza kwa jumla. Miaka ile ya kanda na baadaye DVD, mtayarishaji alipiga picha kwa siku chache, kisha akampelekea msambazaji wa Dar es Salaam, ambaye mara nyingi alinunua kazi yote kwa mkupuo pamoja na haki zake. Mwigizaji alilipwa kwa filamu, mara moja, basi. Filamu ikiuzwa Mbeya, Iringa, Lubumbashi au Nairobi kwa miaka kumi, hakuna shilingi iliyorudi kwake. Sheria ya Hakimiliki ilikuwepo tangu 1999 na COSOTA ikiwa kazini, ila mkataba ukishasema umeuza yote, umeuza yote. Serikali ilipoleta stempu za kodi kwa kazi za filamu na muziki mwaka 2013, ilikuwa imechelewa. Nakala za wizi zilikuwa zimeshajaa kila kituo cha mabasi.

Aprili 7, 2012, Kanumba alifariki nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam, akiwa na miaka 28. Lulu, aliyekuwa naye usiku huo, alikamatwa na kushtakiwa kwa mauaji. Mahakamani kukazuka mvutano ambao kwa msanii aliyekuzwa na kamera una maana yake. Upande wa mashtaka ulisema ana miaka 18, mawakili wake wakasema 17 na kwamba ni mtoto kisheria. Shtaka lilibadilishwa kuwa la kuua bila kukusudia, na Januari 2013 akapata dhamana.

Wengi walidhani kazi yake imekwisha. Lakini mwaka huohuo ilitoka ‘Foolish Age’, akiwa mhusika mkuu, ikisambazwa na Proin Promotions. Ikafuata ‘Mapenzi ya Mungu’, na Machi 2016 mjini Lagos filamu hiyo ikampa tuzo ya Africa Magic ya filamu bora ya Afrika Mashariki. Hakuwa tena mtoto wa Kaole. Novemba 2017 Mahakama Kuu ilimtia hatiani na kumhukumu miaka miwili jela. Mei 2018 alitolewa kumalizia adhabu kwa kifungo cha nje.

Kwa hiyo anayemtaja Lulu kama ushahidi kwamba sanaa ya utotoni inalipa, ataje na upande huo. Alifika juu, ila njiani alibeba mambo ambayo mtu mzima mwenye mwanasheria wake angeyaona mazito.

Wamarekani walilipata somo lao mapema. Jackie Coogan, mtoto aliyeigiza na Charlie Chaplin katika ‘The Kid’ ya 1921, alipofikia utu uzima alikuta mama yake na baba wa kambo wametumia karibu kila kitu katika mamilioni ya dola aliyochuma. Aliwashtaki mwaka 1938, akaambulia kama dola 126,000. Jimbo la California likatunga sheria mwaka 1939, na tangu 2000 sheria hiyo inataka asilimia 15 ya mapato ya mtoto msanii iwekwe katika akaunti isiyoguswa hadi afikishe miaka 18.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, na inatambua haki ya mtoto kulipwa ujira wa kazi yake. Akaunti ya lazima kama ile ya California haimo. Basi kazi inabaki kwa mzazi. Siku hizi chaneli kama Maisha Magic Bongo na Sinema Zetu zinahitaji tamthilia za vipande vingi, na mtoto anaweza kuhitajika kwa miezi mfululizo. Mzazi aulize malipo ni kwa kipande au kwa jumla, kipindi kikirudiwa au kikiuzwa nje kuna nini, na siku za shule zinalindwaje. Fedha iingie katika akaunti ya mtoto. NMB na CRDB wanazo.

Akaunti hizo zinahitaji cheti cha kuzaliwa. Kwa walio chini ya miaka mitano, mpango wa RITA wa kusajili bila malipo katika ofisi za kata na vituo vya afya ulianza Mbeya mwaka 2013, na baadaye ukafika Iringa na Njombe.