Mwenye Viatu Alipe

Mji wa Willemstad, kisiwani Curaçao karibu na pwani ya Venezuela, una mtaa unaoitwa Punda. Usicheke. Jina limetokana na neno la Kiholanzi lenye maana ya ncha, kwa sababu Waholanzi walianza kuujenga mji wao kwenye ncha ya mdomo wa bandari. Unaotazamana nao ni Otrobanda, yaani "upande wa pili" kwa Kipapiamento; Mzanzibari angesema tu Ng'ambo. Kati ya mitaa hiyo umeingia mkono wa bahari, na hapo ndipo lilipo Daraja la Malkia Emma.

Daraja hili halina nguzo, linaelea. Njia ya mbao imelazwa juu ya maboya 16 yaliyo kama mashua, urefu wote mita 167 hivi. Upande wa Otrobanda limeshikwa kwa bawaba kama mlango, na upande wa pili kuna kibanda cha mwendeshaji na injini za dizeli. Meli ikija, kengele inalia, geti linafungwa, injini zinasukuma, na daraja zima linaenda kujibanza ukingoni. Kama ulikuwa katikati, basi unasafiri nalo! Waliobaki nchi kavu huvuka kwa feri ya bure inayoitwa ponchi, neno ambalo bila shaka ni la ukoo mmoja na pantoni letu.

Lilijengwa mwaka 1888 kwa wazo la Leonard Burlington Smith, mfanyabiashara Mmarekani. Kuvuka kulikuwa kwa kulipia, ila kwa sharti la ajabu kidogo: mwenye viatu senti 2, aliye pekupeku bure. Ukilisikia mara ya kwanza unasema, hii sasa ndiyo haki, mwenye nacho achangie. Tatizo ni kwamba viatu vinavuliwa. Inasimuliwa kuwa matajiri walivivua getini wakavishika mkononi, huku maskini wakiazima viatu ili walipe kama watu wengine. Hata kama kisa kimetiwa chumvi, mimi nakiamini. Sisi tuliozunguka na fomu za mkopo tukitafuta mihuri ya kuthibitisha umaskini wetu tunajua: kuna mwenye gari nyumbani anayejifanya hana kitu, na kuna mwenzako anayelala njaa kuliko kuandika kwamba baba hana kazi. Ushuru ule ulipima miguu, aibu ya mtu haukuiona.

Ulifutwa mwaka 1934. Daraja likafanyiwa ukarabati mkubwa mwaka 1939, na mwaka 1974 likafunguliwa Daraja la Malkia Juliana, refu kwenda juu kiasi cha meli kubwa kupita chini yake. Magari yote yakahamia huko. La Emma wakaachiwa waenda kwa miguu, na kuanzia 1997 eneo hilo la kale la mji limo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Siku hizi ukitaka kuvuka, hakuna anayekutazama miguuni.