Ukipenda pikipiki ya kizamani, usivae kinga ya kizamani

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walisema kuwa ajali haina kinga. Hata hivyo, wahenga hao hawakuwahi kupanda pikipiki kutoka Kitale hadi Bungoma alfajiri, ukungu umetanda Kiminini na trekta la miwa linakuja mbele bila taa. Lau wangepanda, pengine wangeongeza kwamba ajali haina kinga, lakini mwili unayo.

Katika miji yetu ya magharibi siku hizi kuna watu wanaofufua pikipiki za zamani. Kuna Honda, Yamaha na Suzuki zilizokuwa zimelala ghalani tangu enzi za walimu na mabwana shamba, na sasa zinapakwa rangi upya na kurudishwa barabarani. Mwenye pikipiki kama hiyo hutaka pia kuvaa kama waliomtangulia: jaketi la ngozi, miwani mikubwa, buti na kofia iliyo wazi usoni. Hakuna ubaya wowote katika kupenda mapambo. Shida huanza pale pambo linapochukuliwa kuwa kinga.

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Marehemu baba yangu aliniachia Honda CG125, aina ambayo Honda ilianza kuiuza mwaka wa 1976 ikiwa imeundwa kwa ajili ya nchi ambako barabara ni mbovu na mafundi ni wachache. Pamoja nayo aliacha jaketi la ngozi la rangi ya kahawia na kofia nyeupe, vyote vikining'inia kwenye msumari mmoja. Fundi alipoiwasha ile pikipiki ikanguruma, mama alitoka jikoni akasimama mlangoni bila kusema neno. Nikaapa kwamba nitaipanda nikiwa nimevaa vile vile alivyovaa mzee.

Karibu na Kamukuywa ndama aliingia barabarani. Sikuwa naenda kasi. Nilifunga breki, gurudumu likateleza kwenye changarawe nami nikaburuzwa hatua chache tu. Mshono wa bega la jaketi la baba ulifunguka wote kama gunia kuukuu. Bahati njema kichwa hakikugusa chini. Nilipofika nyumbani nilibonyeza kwa kidole gumba lile povu lililomo ndani ya kofia. Lilimomonyoka na kuanguka mezani kama unga wa muhogo. Hicho ndicho kitu nilichokuwa nimekiamini kwa maisha yangu!

Ubongo ndani ya fuvu

Msomaji huenda akauliza: mbona tujali sana kofia kwa mtu anayekwenda polepole? Jibu ni hesabu rahisi. Kichwa kikianguka kutoka kimo cha mita moja na nusu, hata pikipiki ikiwa imesimama, hufika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa. Ukiwa unaenda kilomita 50 kwa saa, unapita karibu mita 14 kila sekunde.

Ubongo ni laini mfano wa maziwa ya mgando, nao umo ndani ya fuvu gumu. Fuvu likisimama ghafla, ubongo huendelea na safari yake, ukagonga ukuta wa ndani, mishipa ikakatika na damu ikavuja. Ndiyo maana mtu huweza kufa ilhali hana hata mchubuko usoni.

Kofia nzuri hufanya kazi kwa sehemu mbili. Gamba la nje huutawanya mshindo usielekee mahali pamoja. Povu gumu la ndani, jamaa ya lile la masanduku meupe ya kuhifadhia vitu baridi, husagika na hivyo kukipa kichwa nafasi ya kusimama taratibu zaidi. Povu likishasagika halirudi lilivyokuwa. Kwa hiyo kofia iliyopata ajali moja imemaliza kazi yake, hata kama rangi bado inang'aa.

Uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka wa 2008 ulionyesha kuwa kofia hupunguza hatari ya kufa ajalini kwa asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Somo la mwaka wa 1935

Elimu hii ilipatikana kwa gharama. Mnamo Mei 1935, T. E. Lawrence, yule mwanajeshi Mwingereza aliyepata sifa Uarabuni, alianguka na pikipiki yake aina ya Brough Superior akijaribu kuwakwepa wavulana wawili waliokuwa kwenye baiskeli. Hakuwa na kofia. Alifariki siku 6 baadaye. Miongoni mwa madaktari walioitwa kumwokoa alikuwamo Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo. Kifo hicho kilimkaa moyoni, akaanza kuchunguza vifo vya wapanda pikipiki. Mwaka wa 1941 alichapisha matokeo yake, na mwaka huo huo jeshi la Uingereza likawaamuru wanajeshi wake wa pikipiki wavae kofia ngumu.

Hata hivyo, kofia za wakati huo zilikuwa gamba na mikanda tu. Hati ya kofia yenye povu la kusagika ilitolewa Marekani mwaka wa 1953. Anayenunua kofia ya miaka ya 1940 ili aivae barabarani amenunua kitu cha makavazi.

Sura ya kale, ndani mpya

Habari njema ni kwamba zipo kofia mpya zilizotengenezwa kwa sura ya zamani. Kabla ya kutoa pesa zako, kagua mambo haya:

Kwanza, tafuta alama ya ubora. Hapa Kenya ni alama ya shirika la viwango, KEBS. Kofia nyingi kutoka ng'ambo huwa na herufi E ndani ya duara pamoja na namba 22.05 au 22.06. Kwa kuwa alama huweza kughushiwa, usiishie hapo.

Pili, tazama ndani. Chini ya kitambaa lazima kuwe na povu gumu na nene. Ukikuta sifongo laini tu, hiyo ni bakuli la plastiki.

Tatu, ipime. Funga mkanda wa kidevuni, kisha tikisa kichwa. Kofia icheze pamoja na ngozi ya uso, isicheze peke yake. Mwombe mwenzako ajaribu kuivua kwa kuisukuma kutoka kisogoni kuelekea mbele. Ikitoka, haikufai.

Nne, usinunue kofia iliyotumika. Huwezi kujua ilianguka mara ngapi. Watengenezaji wengi hushauri kofia ibadilishwe baada ya miaka 5 hivi, kwa sababu jua, jasho na mafuta ya nywele huila.

Fahamu pia kuwa kofia iliyo wazi usoni, hata ikiwa bora, huacha taya na meno bila ulinzi. Inayofunika uso mzima ni salama zaidi. Zipo za namna hiyo zenye sura ya miaka ya 1960.

Jaketi la mtumba

Ukizunguka soko la Chepkube mjini Bungoma, au kwenye mitumba ya Kitale, utaona majaketi ya ngozi ya kupendeza. Mengi ni ya kutokea matembezini. Ngozi yake ni nyororo na nyembamba, na mshono ni mmoja. Jaketi la pikipiki hushonwa kwa ngozi ya ng'ombe yenye unene wa zaidi ya milimita moja, mishono miwili au zaidi, na huwa na mifuko ya ndani ya kutilia vikinga vya bega, kiwiko na mgongo.

Shika mshono kwa mikono miwili uuvute kwa nguvu. Ukiona mwanga katikati ya nyuzi, liache. Kunja ngozi, ikipasuka vijistari kama udongo mkavu, imekufa. Ngozi isiyopakwa mafuta kwa miaka mingi huoza ikiwa ingali inavutia macho, kama lilivyokuwa jaketi la baba. Makoti ya kitambaa kilichopakwa nta, yaliyovuma Uingereza tangu miaka ya 1930, huzuia mvua vizuri, lakini kwenye lami huraruka upesi yasipowekewa vikinga. Na suruali ya jinzi ya kawaida haistahimili msuguano wa lami. Huenda ikatoboka kabla ya sekunde moja kwisha.

Je, mavazi haya husaidia kweli? Watafiti wa Australia waliwachunguza watu 212 walioanguka na pikipiki, wakachapisha matokeo mwaka wa 2011. Waliovaa jaketi la pikipiki walikuwa na uwezekano mdogo wa kulazwa hospitalini kwa karibu asilimia 21, wa suruali maalumu asilimia 51, na wa glavu asilimia 59. Lakini karibu asilimia 30 ya majaketi yaliyochunguzwa yaliharibika kiasi cha kushindwa kazi. Tusidanganyane pia: jaketi huokoa ngozi na nyama, halizuii sana mifupa kuvunjika.

Mikono na miguu

Mtu akianguka hutanguliza mikono. Kiganja kilichochubuka huchukua majuma kupona, na fundi, mshonaji au karani asiye na kiganja hana kazi. Chagua glavu zenye ngozi nzito kiganjani na kamba ya kufunga kwenye kifundo.

Miguuni, vaa buti linalopita kifundo cha mguu. Ndara na akala ziache nyumbani. Kamba za viatu zichomeke ndani zisije zikanaswa na mnyororo.

Baridi ya Kitale, joto la Bungoma

Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, Bungoma karibu mita 1,400. Asubuhi ya nyuzi 12, ukienda kilomita 50 kwa saa mwili huhisi kama ni nyuzi 8. Vidole hukakamaa, na vidole vilivyokakamaa huchelewa kwenye breki.

Wengi huvaa koti kinyumenyume ili kuzuia upepo, wakiamini kuwa upepo huleta nimonia. Ukweli ni kwamba nimonia huletwa na viini, si upepo. Ukikohoa kwa siku kadhaa, ukawa na homa na kupumua kwa shida, nenda ukapimwe badala ya kuongeza koti. Koti la kinyumenyume hubana mabega, na siku ya ajali huwatatiza wanaotaka kukifikia kifua chako. Ni afadhali kuvaa nguo nyepesi isiyopitisha upepo chini ya jaketi. Waendesha baiskeli wa mashindano ya Ufaransa walikuwa wakiweka gazeti kifuani wanapoteremka milima. Gazeti hili, ukishalisoma, halina kinyongo.

Ukishuka kuelekea Bungoma jua likiwa limepanda, fungua matundu ya jaketi na unywe maji. Kiu na joto hupunguza umakini.

Uonekane, na abiria wako pia

Ngozi nyeusi na kahawia hupotea machoni pa madereva magharibi inapoingia. Isitoshe, baadhi ya pikipiki za zamani hutumia betri ya volti 6, na taa zake ni hafifu. Vaa kizibao cha kuakisi mwanga juu ya jaketi. Si hiari: tangu mwaka wa 2012 sheria ya trafiki humtaka mpanda pikipiki avae kofia na jaketi lenye viakisi, abebe abiria mmoja tu, na mwenye pikipiki awe na kofia mbili na jaketi mbili za namna hiyo.

Abiria wengi huikataa kofia wakiogopa chawa na mashilingi. Hofu hiyo ina msingi, maana mashilingi huweza kuenea kwa kuazimana kofia. Dawa yake ni kila abiria awe na kitambaa chake safi cha kuvaa chini. Leso na mitandio ifungwe vizuri. Mwaka wa 1927 Isadora Duncan, mchezaji ngoma mashuhuri, alikufa Ufaransa mtandio wake uliponaswa na gurudumu la gari.

Ekzosi nyingi ziko upande wa kulia, kwa hiyo abiria apande kutokea kushoto. Akiungua, mwagia maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, siagi wala majivu.

Ajali ikitokea

Usikimbilie kumvua majeruhi kofia wala kumwinua ashike njia kwa pikipiki nyingine. Shingo yake huenda imevunjika. Mwache alale, shikilia kichwa kisitikisike, fungua kioo cha kofia apumue, na upige simu 999 au 112. Asipoweza kupumua, watu wawili waivue polepole, mmoja akishikilia shingo. Michubuko ioshwe kwa maji safi, na majeruhi aulize hospitalini kuhusu sindano ya pepopunda. Aliyegonga kichwa akaanza kutapika, kusinzia au kusema ovyo apelekwe hospitalini mara moja, hata kama alisimama mwenyewe.

Kofia ya baba sasa imerudi kwenye msumari wake, na jaketi lake liko kando yake. Nimenunua kofia mpya nyeupe inayofanana na yake kwa nje. Niliporudi nayo mama aliigeuza, akaingiza kidole ndani, akabonyeza lile povu gumu. Halikumomonyoka. "Haya," akasema, "sasa nenda."