Mpanda mlima apange pia saa ya kurudi

WAHENGA walinena kuwa kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Methali hii huwaponyoka wengi wanaojiandaa kupanda Mlima Kenya, ambao hujiuliza swali moja tu: je, nitafika kileleni?

Swali hilo si baya, ila halitoshi. Anayepania kupanda mlima anahitaji shabaha tatu: ya maandalizi, ya mwendo na ya kurejea.

Kwanza, sharti ajue anaelekea wapi. Batian, kilele kirefu zaidi cha Mlima Kenya chenye kimo cha mita 5,199, na jirani yake Nelion (mita 5,188), huhitaji kamba na ujuzi wa kukwea miamba. Lenana, chenye kimo cha mita 4,985, hufikiwa kwa miguu na mtu mwenye afya njema aliyejiandaa. Hapo ndipo Kisoi Munyao alipopandisha bendera ya taifa Kenya ilipojinyakulia uhuru Desemba 1963.

Baada ya kuchagua kilele, shabaha hiyo igawanywe katika ngazi. Mkazi wa Nairobi, mathalani, aweza kuanza na vilima vya Ngong, kisha auzunguke mdomo wa volkeno ya Longonot (mita 2,776). Hatimaye ajaribu Satima katika safu ya Aberdare, kilele cha mita 4,001 ambako mwili huanza kuhisi uhaba wa hewa.

Kila ngazi ni mtihani. Anayemaliza Longonot akiwa hoi hana sababu ya kukimbilia Lenana mwezi unaofuata.

Shabaha ya pili ni mwendo. Karibu na Lenana, mtu huvuta oksijeni inayozidi kidogo tu nusu ya ile anayoipata akiwa Mombasa. Ugonjwa unaotokana na mwinuko waweza kumpata mtu akipita mita 2,500, na mazoezi hayamkingi. Vijana wenye misuli nao huugua, hasa wanapopanda kwa pupa.

Madaktari hushauri kuwa mtu akishapita mita 3,000, mahali anapolala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500. Aidha, apumzike siku moja baada ya kila siku tatu au nne. Katika njia ya Naro Moru, wengi hutoka kambi ya Met Station, iliyo karibu na mita 3,050, na kulala kambi ya Mackinder, karibu na mita 4,200, siku iyo hiyo. Hivyo basi, anayeongeza usiku mmoja njiani si mwoga.

Dalili za awali ni kuumwa na kichwa, kichefuchefu na kukosa hamu ya chakula. Zikizidi, mgonjwa asipande tena bali ateremke. Akianza kupepesuka, kuchanganyikiwa au kutweta hata akiwa ameketi, ashushwe mara moja, hata kama ni usiku wa manane.

Shabaha ya tatu ndiyo husahaulika. Wanaokwenda Lenana huondoka kambini mwendo wa saa nane au saa tisa usiku ili wafike alfajiri. Kabla ya kuondoka, akili ikiwa timamu, kundi likubaliane saa ya kugeuka, hata kama kilele kinaonekana. Uamuzi huo ukiachwa hadi juu, uchovu na tamaa ndivyo vitakavyoamua.

Mei 2022, James Kagambi, akiwa na umri wa miaka 62, alikuwa Mkenya wa kwanza kufika kilele cha Everest. Awali alikuwa amepanda Aconcagua na Denali, na alikuwa amefunza wengine kwa miaka mingi.

Miaka miwili baadaye, Mei 2024, Cheruiyot Kirui alifariki karibu na kilele icho hicho akijaribu kukifikia bila mitungi ya oksijeni. Nawang Sherpa, Mnepali aliyeandamana naye, hakurejea pia. Kirui hakuwa mgeni wa milima. Msiba huo ulidhihirisha kuwa hata mzoefu hana mkataba na mlima.

Kwa hivyo, aliyegeuka mita 200 chini ya Lenana kwa sababu saa waliyoafikiana imetimia hajashindwa. Ametimiza shabaha moja kati ya zile alizojiwekea, nayo ndiyo itakayomwezesha kujaribu tena. Mlima hauhami.